Kosa Lisilosema Liko Wapi

Jumatatu, 2 Juni. Isansa

Msimu umefunguliwa. Mama alinifundisha kwamba nikianza kazi ya maana niiandikie daftari, na kila siku nishukuru japo kitu kimoja, hata kama siku yenyewe ilikuwa ya hovyo. Basi nashukuru kwa koti la marehemu baba, maana baridi ya Isansa asubuhi hii haina adabu.

Kazi yenyewe niieleze mara moja nisirudie. Kikundi cha wakulima hapa kina mashine moja ya kumenya kahawa na wakulima mia moja arobaini na tatu. Kahawa mbivu ikichumwa lazima iingie mashineni siku hiyo hiyo, ikilala inachacha. Kwa hiyo watu huchuma kwa zamu. Zamani zamu zilitangazwa na mtu wa baiskeli. Mwaka huu mwenyekiti, Mzee Andongwisye Kibona, kanipa mkataba wa msimu mmoja niandike skripti ya kompyuta itakayopanga zamu na kuwatumia watu meseji kila jioni. Huku chaji ni kitu cha kuheshimiwa. Watu wanawasha simu saa kumi, wanasoma, wanazima. Meseji ikichelewa saa kumi, imechelewa mpaka kesho.

Orodha ya zamu inachapwa na Mzee Osward Haonga, karani. Miaka thelathini na moja amesimama kwenye mizani ya kahawa. Anachapa kwa kidole kimoja, na kila jina linapoingia, kompyuta inalibandika saa lilipochapwa. Akimaliza anasema, "Tayari, mwanangu," na orodha inanifikia popote nilipo. Skripti yangu inaipanga, halafu programu ya kutuma iliyo kwenye simu yangu inamalizia kwa intaneti. Jumatatu na Alhamisi nitakuwa hapa Isansa. Siku nyingine nipo Tunduma, mpakani na Zambia, dukani kwangu, natoa fotokopi.

Leo meseji thelathini na nane zimetoka zote. Mzee Osward akaandika kitu kwenye daftari lake la jalada gumu. Anaandika kila kitu huyu mzee, nadhani hata kuku akipita.

Alhamisi, 5 Juni. Isansa

Zimetoka. Nashukuru kwa makande.

Jumanne, 10 Juni. Tunduma

Umeme umekatika tangu asubuhi na mtandao wa huku ukazubaa, nikahamia laini ya Zambia kupata intaneti, kama tunavyofanya sote. Mzee Osward akapiga: tayari. Nikatazama simu, saa tisa na dakika tano. Nikajisemea, leo mzee kawahi. Nikabonyeza kutuma. Programu ikajibu: *Taarifa si sahihi.*

Basi. Haikusema mstari gani, jina gani, safu gani. Ni sawa na mtu akupigie akwambie nyumbani kwenu kuna tatizo, kisha akate simu. Na programu yenyewe siwezi kuifungua nione ndani, niliinunua kwa fundi wa mbali ambaye siku hizi simu hapokei. Nikaipitia skripti yangu mstari kwa mstari, mistari mia sita, macho yakaanza kuona vitu visivyokuwepo.

Aliyenisaidia ni Rozi, jirani yangu wa mgahawa, ambaye kompyuta anaijua kama mimi ninavyojua kuendesha lori. Aliniletea chai, akaniona nimejishika kichwa, nikamweleza. Akasema foleni ya malori ikisimama kutoka mpakani hadi Mpemba, dereva mwenye akili haendi kuuliza gari moja moja. Anapanda bodaboda mpaka katikati, anatazama kama hapo panasogea. Kama panasogea, kilichokwama kiko kati ya hapo na yeye. Kama hapasogei, kiko mbele. Halafu anakata tena katikati.

Nikaikata orodha katikati. Nusu ya kwanza ikatoka. Nusu ya pili ikagoma. Nikaikata hiyo tena, na tena, mpaka nikabaki na majina manne ya mwisho, yale aliyochapa mzee kufungia siku. Nikayakodolea macho. Kumbe baada ya kila jina ameacha nafasi tupu. Nikazifuta, nikarekebisha skripti, nikajaribu tena, zikatoka. Saa nzima ilikuwa imepita.

Nashukuru kwa Rozi na malori yake. Mzee Osward nitamsema Alhamisi.

Alhamisi, 12 Juni. Isansa

Nilimsema. Akasikiliza, akaandika. Alipochapa nilisimama nyuma yake, na orodha ikatoka safi bila kosa. Nikiwepo anaweza.

Jumatano, 18 Juni. Tunduma

Umeme hakuna. Laini ya Zambia. *Taarifa si sahihi.* Nikakata, nikakata tena, nikaangukia palepale, majina ya mwisho ya Mzee Osward. Safari hii kuna Ng'ambi, na ile alama ya juu kaichapa mara mbili. Nikaifuta, nikazunguka zunguka, mwishowe zikatoka. Walioachwa nyuma ni watu wa bondeni, wanaothibitisha zamu mwisho kwa sababu wanakaa mbali. Simu zao zilikuwa zimeshazimwa. Kesho alfajiri mtu wa baiskeli atapelekwa mbio.

Sina cha kushukuru leo. Haya, nashukuru kwa mtu wa baiskeli.

Ijumaa, 20 Juni. Tunduma

Umeme upo. Zimetoka.

Jumanne, 24 Juni. Tunduma

Sasa nimechoka. Majina safi, namba safi, nafasi hakuna, na bado inanigomea kwenye majina matano ya mwisho. Nikampigia Mzee Osward na sikumpigia kwa upole. Nilimwambia saa tisa hii ananiambia tayari na orodha mbovu, si bora angetumia muda uliobaki kuikagua.

Akaniuliza. "Saa tisa?"

Nikamjibu ndiyo, saa tisa, simu ninayo mkononi.

"Haya, mwanangu," akasema, nikasikia anafungua daftari.

Mimi natafuta kosa, yeye anafungua daftari. Nilivuta pumzi mpaka Rozi akauliza kama nina kifua.

Alhamisi, 26 Juni. Isansa

Zimetoka, bila shaka. Nipo, kwa hiyo zimetoka. Nilipokuwa narudi wazo likaniingia, na ninaliandika hapa japo ni baya: huyu mzee anafanya makusudi. Mashine ya kuandika zamu imechukua nafasi ya kalamu yake. Nikisimama nyuma yake anachapa vizuri. Nikigeuka tu, anaharibu.

Jumanne, 1 Julai. Tunduma

Mkanda wa mashine ya kumenya umekatika saa nne asubuhi. Mzee Kibona akapiga mwenyewe: zamu zote za kesho zisogezwe mpaka Ijumaa, watu wasichume. Hii ndiyo meseji moja ambayo haikupaswa kuchelewa msimu huu. Umeme hakuna. Mzee Osward akasema tayari, nikatuma.

*Taarifa si sahihi.*

Saa nzima nimehangaika. Zilipotoka za mwisho, simu za bondeni zilikuwa zimeshazimwa.

Alhamisi, 3 Julai. Isansa

Nimeandika na kufuta mara mbili.

Jana karibu wote waliambiana kwa midomo, jirani kwa jirani. Ila Mama Tulinagwe anakaa mwisho wa bonde, kuvuka kijito, na ukungu ulikuwa mzito, baiskeli ikapita njia ya juu. Alikuwa ameamka alfajiri na binti zake wawili na wanawake wanne wa kanisani kwao, wakachuma mpaka jua la mchana. Ndoo kumi na nne. Wakazibeba hadi mashineni wakakuta mkanda uko chini na fundi kaenda Vwawa.

Leo nimeziona kahawa zenyewe. Zimevimba na zinanuka kama pombe. Ijumaa hazitapokelewa, na yeye anajua. Huu ni msimu wake wa kwanza tangu mumewe afariki, na shamba analilima peke yake ili ukoo wa mume waone kwamba analiweza, wasije wakaligawa. Alinieleza hayo bila kunitazama, huku anazigeuza kwa mkono kana kwamba zitapona. Nilitamani anitukane.

Sikumwambia pole. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kibona, hasira imenijaa, nikamwambia kosa linaangukia kila mara kwenye majina yale yale anayochapa Mzee Osward mwishoni, nimelikata katikati mara nne na mara nne limeangukia hapo. Nikasema na lile jingine, kwamba nikiwepo halitokei. Mzee Kibona alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa Ileje, hakimbilii neno. Mwishowe akasema Jumamosi ya tarehe kumi na mbili atawaita wakulima, na Osward atapumzishwa.

Nilitoka pale nikijiona nimefanya kazi yangu.

Jumamosi, 5 Julai. Tunduma

Baridi. Umeme upo. Zimetoka. Rozi anasema nimekuwa mkali kama pilipili ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Alhamisi, 10 Julai. Isansa

Mzee Osward kanikabidhi ofisi. Alikuwa ameshasikia, Isansa hakuna siri. Alifuta meza, akapanga funguo, akanionyesha swichi ya kompyuta ambayo lazima uishike kwa kidole gumba ndiyo ikubali. Nilingoja aanze kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa, nimebeba ushahidi wangu wote kichwani.

Hakujitetea. Alinipa lile daftari la jalada gumu.

"Hili ni la ofisi, si langu," akasema. "Atakayekuja aendelee."

Mkewe alikuwa ametuma viazi vitamu kwenye kitambaa. Nilivila. Sijui nilivilaje.

Ijumaa, 11 Julai. Tunduma

Leo niandike yote, hata ya aibu.

Mchana umeme ulikatika, nikafunga duka nikaenda kwa Rozi na daftari la Mzee Osward kwapani. Nilitaka nilisome nipate la kumshtakia zaidi kesho. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kujidanganya ndani ya daftari langu mwenyewe.

Amechora safu tano kwa rula: Siku, Saa, Mahali, Jambo, Nani. Kila ukurasa hivyo hivyo. Gunia limepungua, mahali. Mvua imeingia, mahali. Nikafika Juni, nikakuta jina langu.

*2 Juni. Saa 10. Jenista yuko hapa. Meseji zimetoka.*
*10 Juni. Saa 10. Jenista yuko Tunduma. Hazikutoka.*
*12 Juni. Saa 10. Jenista yuko hapa. Zimetoka.*
*18 Juni. Saa 10. Jenista yuko Tunduma. Hazikutoka.*

Ukurasa mzima hivyo, na kwenye safu ya Nani kachora kistari tu. Kwenye safu ya mahali hakuandika mahali pake, aliandika pangu. Mimi nilihesabu kwamba nikiwepo Isansa yeye anachapa vizuri. Yeye alikuwa ameandika kitu kile kile kutoka upande wa pili: kila mambo yanapoharibika, niko Tunduma.

Nikataka kukasirika, kisha nikafika tarehe ishirini na nne.

*24 Juni. Jenista kapiga simu kutoka Tunduma. Kasema ni saa 9. Saa yangu ni 10.*

Nikainua kichwa. Rozi ana saa za ukutani mbili, moja ya madereva wa huku na moja ya madereva wa Zambia, zimetundikwa pamoja juu ya jiko. Ya huku ilionyesha saa nane kasoro. Ya kule saa saba kasoro. Nimekula chini ya saa hizo miaka sita. Nikatoa simu mfukoni. Nilikuwa nimeshahamia laini ya Zambia tangu umeme ulipokatika. Simu ilionyesha saa saba kasoro.

Nilisimama, nikaacha ugali.

Ni hivi. Nikihamia laini ya Zambia, simu yangu inarudi nyuma saa moja. Mtu yeyote wa Tunduma analijua hilo, mtoto wa darasa la pili analijua, na mimi niliyezaliwa hapa nimelizoea mpaka nimeacha kuliona. Programu inatazama saa ya simu. Mzee Osward anachapa jina saa tisa na nusu, saa halali ya Isansa. Programu inaona kwake ni saa tisa tu, na jina limechapwa saa tisa na nusu. Inasema haiwezekani, hili limetoka kesho, inakataa. Ndiyo maana yaligoma ya mwisho tu, yaliyochapwa ndani ya saa ile moja. Ndiyo maana nikihangaika saa nzima yanakubali yenyewe. Zile nafasi tupu, ile alama ya Ng'ambi, vyote havikuwa na hatia. Nilikuwa nafuta vumbi huku saa inatembea.

Nilijaribu ili nisimsingizie mtu tena, hata simu. Orodha ya majaribio, saa ya kule: ikagoma. Nikairudisha simu saa ya huku kwa mkono: ikatoka. Nikafanya hivyo mara tatu. Rozi alisimama mlangoni na mwiko, akasema wifi yake wa Nakonde alikosa harusi kwa kosa hilo hilo. Nilicheka halafu nikalia.

Nilikuwa nimeikata orodha katikati, na skripti katikati. Sikuwahi kukata katikati baina ya Isansa na meza yangu.

Sasa kuna jambo moja. Ningeweza kuiweka simu saa ya huku, nikanyamaza. Meseji zingetoka tangu kesho, Mzee Osward angekuwa amepumzishwa, na watu wangesema, mmeona, tangu atoke kazi imenyooka. Hakuna ambaye angejua. Vikundi viwili vya jirani vinangoja kuona kama skripti yangu inafanya kazi ndipo vinipe mkataba. Wazo hili lilikaa na mimi muda wa kunywa kikombe kizima cha chai, na ninaliandika ili nisije nikajifanya halikuja.

Nashukuru kwamba daftari la mzee lilikuwa juu ya meza muda wote.

Jumamosi, 12 Julai. Isansa

Walikuja kama tisini, wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Mzee Osward alikaa nyuma kabisa na kofia mapajani. Mama Tulinagwe alikaa mbele. Mzee Kibona alifungua kwa sala, akaeleza kwamba meseji zimekuwa zikichelewa na binti wa kompyuta ameshalijua kosa liko wapi. Akanipa nafasi.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Yote yakanitoka.

"Kosa liko Tunduma," nikasema. "Liko kwenye meza yangu. Mzee Osward hakuchelewesha hata meseji moja, mimi ndiye nilimsingizia. Naomba radhi kwake, na kwa Mama Tulinagwe."

Kisha nikaeleza habari ya laini na saa. Hapa nilidhani nitapotea, lakini nusu yao wana ndugu ng'ambo ya mpaka, wakaelewa kabla sijamaliza. Mzee mmoja akasema yeye alishachelewa basi la Nakonde kwa sababu hiyo, mwingine akasema yeye aliliwahi. Wakacheka, nami nikawashukuru moyoni kwa kicheko kile.

Mama Tulinagwe hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Mimi nimemlaumu Mzee Osward tangu siku ile," akasema. "Nilipita kwake bila kumsalimia. Sasa nimlaumu nani?"

"Mimi, mama."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi nitakulaumu mpaka Jumatano. Baada ya hapo nina kahawa ya kuchuma."

Mzee Osward akanyoosha mkono kutoka nyuma. Nilidhani ataongea habari zake. Akaomba Mama Tulinagwe apewe zamu ya kwanza kila wiki mpaka msimu uishe, na watu wa juu ya bonde wakamsaidie kuchuma. Wakakubali. Mzee Kibona akasema karani wa kikundi ni Osward Haonga kama ilivyokuwa, na kama kuna mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema. Akanigeukia akasema mkataba wangu nao unaendelea, ila nikinunua kitu tena kwa fundi asiyepokea simu nimuulize kwanza. "Ndaga," akamaliza kikwao, yaani asante, akakaa.

Nilimfuata Mzee Osward nje. Nilimrudishia daftari kwa mikono miwili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wakati alikuwa ameyaona yote.

"Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeandika tu," akasema. Akafikiri. "Kwenye mizani, gunia likipungua hatuanzi na nani. Tunauliza limepungulia wapi. Ukishapajua mahali, mwenyewe atajitaja."

Jumatano, 16 Julai. Tunduma

Umeme hakuna. Laini ya Zambia. Zimetoka. Simu nimeiweka saa ya huku kwa mkono. Leo ndiyo mwisho wa kulaumiwa. Mama Tulinagwe kanipigia, akauliza hali, akakata.

Jumanne, 29 Julai. Tunduma

Nimeandika upya sehemu ya skripti inayozungumza na programu. Programu siwezi kuifungua, lakini naweza kuihoji jina moja moja kabla ya kutuma. Sasa ikikataa, skripti inaandika siku, saa ya Isansa, saa ya simu, mahali simu ilipo, na mstari wenyewe. Nimeiga safu za mzee. Nilimsomea kwa simu, akasema saa ziwe mbili ni vizuri, yeye hakuwahi kufikiria hilo. Nashukuru kwa sifa hiyo kuliko cheti nilichosomea miaka miwili.

Alhamisi, 14 Agosti. Isansa

Nimekula kwa Mama Tulinagwe. Kahawa yake yote ya wiki hii imepokelewa daraja la kwanza. Shemeji zake walikuja kuona shamba, wakaondoka na ndizi, bila neno la kugawa. Alinipa na mimi ndizi, akasema nisijisifu, ni zile zilizobaki.

Jumamosi, 30 Agosti. Isansa

Mashine imesafishwa, mkanda umefunguliwa, umening'inizwa. Msimu umekwisha. Vikundi viwili vya jirani vimeniita, nami nimewaambia nitakuja na karani wangu awafundishe kuandika kwanza. Mzee Osward aliposikia neno "wangu" alikohoa.

Kabla sijaondoka aliniita mezani tufunge daftari la msimu, mimi nisome yeye atie tiki. Juni, mistari ile. Julai mosi. Nikafika tarehe kumi na mbili.

*12 Julai. Saa 5. Isansa, mkutanoni. Kosa limepatikana.*

Safu ya Nani ilikuwa tupu, hata kistari hakuna. Katika daftari zima, kurasa mia na zaidi, hakuna safu nyingine aliyoiacha tupu. Nilimtazama, yeye akawa anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Nikachukua kalamu yake, nikaandika jina langu.